Je, Wajua? Printa Iliyogoma Jumanne na Visa Vingine vya Mafundi wa Programu

Je, wajua kuwa kuna printa zilizokuwa zikigoma kuchapa siku ya Jumanne tu? Mtumiaji mmoja wa mfumo wa Ubuntu alipeleka kwa mafundi malalamiko ya mkewe: nyaraka za OpenOffice Jumatatu zinatoka, Jumatano zinatoka, Jumanne hazitoki ng'o. Ni aina ya malalamiko ambayo fundi huyapokea kwa tabasamu la huruma. Lakini walipochimba walikuta mama yule yuko sahihi. Faili linalokwenda kwenye printa hubeba tarehe yake, na jina la siku huandikwa kwa herufi tatu. Jumanne ni "Tue". Njiani kuna programu ndogo iitwayo file, ambayo kazi yake ni kulinusa faili na kusema ni la aina gani. Ndani yake mlikuwa na kanuni ya kutambua mafaili ya Erlang, lugha ya programu iliyozaliwa katika kampuni ya Ericsson kule Sweden kwa ajili ya mitambo ya simu. Kanuni ilikusudiwa kutafuta tarehe nzima ya siku moja ya Januari 1991, ila nafasi zilizo kati ya maneno hazikuwekewa alama za kuzilinda, ikaishia kusoma neno la kwanza peke yake. Basi Jumanne ikifika, barua ya kawaida inapewa hati ya kusafiria ya Erlang, na printa inaikataa. Mafundi waliipata dawa, lakini sifa nampa mke: ndiye aliyehesabu siku.

Je, wajua kuwa barua pepe nazo ziliwahi kuwekewa mpaka wa safari bila mtu kukusudia? Trey Harris alikuwa akisimamia mitambo ya barua pepe katika Chuo Kikuu cha North Carolina miaka ya 1990, alipopigiwa simu na mkuu wa idara ya takwimu: barua zetu haziendi zaidi ya maili 500, yaani kilomita 800 na kitu. Mkuu huyo hakukurupuka. Kwa kuwa ni mtu wa takwimu, alikuwa amekusanya data kwa siku kadhaa, hata ramani ikachorwa. Harris akajaribu mwenyewe. Miji ya karibu inapokea, ya mbali haipokei. Kumbe kuna aliyeisasisha kompyuta ile, na katika kusasisha, programu ya barua ikarudi kwenye toleo la zamani lisiloelewa mipangilio iliyokuwapo. Muda wa kusubiri seva ya upande wa pili uitike ukawa sifuri. Sifuri ya mashine ile, kwa mwendo wake halisi, ilikuwa kama milisekunde 3, na kwa milisekunde 3 mwanga husafiri kilomita 900 hivi. Aliye mbali zaidi ya hapo hakuwahi kuitika kwa wakati.

Fizikia hiyohiyo ilitutesa na sisi. Hadi Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipowashwa ukipita Mombasa na Dar es Salaam, mwambao wa Afrika Mashariki haukuwa na mkongo wa baharini wa nyuzi za mwanga. Mawasiliano yalipanda kwenye setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi linapanda, linashuka; jibu linapanda, linashuka. Hiyo ni karibu nusu sekunde kabla ya seva hata kufikiri, na hakuna bando duniani linaloweza kuipunguza. Waliokaa kwenye kafe za intaneti za Dar na Nairobi mwaka 2005 wakihesabiwa dakika wanajua ninachosema.

Mkongo nao una mashaka yake. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ilikatika siku moja katika maji ya upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizolala na intaneti ya kuchechemea. Lakini kisa ninachokipenda ni cha Georgia, mwaka 2011: bibi wa miaka 75 aliyekuwa akichimbua shaba ya kuuza alituhumiwa kuukata kwa sepetu mkongo unaopita huko, na Armenia, nchi nzima ya jirani, ikakosa intaneti kwa saa kadhaa. Bibi alikana. Alisema hata hiyo intaneti haijui ni kitu gani.

Je, wajua kuwa wimbo wa Janet Jackson uliwahi kuzima kompyuta? Mhandisi wa Microsoft, Raymond Chen, alisimulia mwaka 2022 kuwa enzi za Windows XP kampuni moja kubwa iligundua kuwa kuucheza "Rhythm Nation" kwenye kompyuta mpakato fulani kunaiangusha. Vibaya zaidi, kompyuta nyingine iliyo karibu, isiyocheza chochote, nayo ilianguka. Katika wimbo ule mlikuwa na masafa ya sauti yaliyoafikiana na mtikisiko wa asili wa diski kuu zilizozunguka mara 5,400 kwa dakika. Diski ikatetemeka, ikashindwa kusoma. Watengenezaji hawakubadilisha diski. Waliweka kichujio kinachoyaondoa masafa yale kwenye sauti inayotoka. Mwaka huohuo wa 2022 kasoro hiyo iliandikishwa rasmi kwenye orodha ya kimataifa ya udhaifu wa usalama wa kompyuta, pamoja na milango ya wezi.

Tuje kwenye simu sasa, maana hapo ndipo penye kesi nyingi.

Je, wajua kuwa herufi 160 za SMS zilipimwa kwa mashine ya chapa? Mwaka 1985 Mjerumani Friedhelm Hillebrand, mmoja wa waliokuwa wakiandaa viwango vya mtandao wa GSM, alikaa nyumbani kwake Bonn akichapa sentensi na maswali ya kawaida, kisha akihesabu herufi na nafasi. Karibu zote zilikaa ndani ya 160. Kadi za posta nazo zilimuunga mkono. Kiufundi, ujumbe mmoja hupewa baiti 140, ambazo ni biti 1,120. Kila herufi ikichukua biti 7, unapata 160 kamili.

Hapa pana jambo ambalo kila mtuma SMS za mwaliko wa harusi angepaswa kulijua. Herufi zinazokaa kwenye biti 7 ni zile zilizomo kwenye orodha moja fupi tu. Ukiweka hata alama moja isiyomo, ujumbe wote unahamia kwenye biti 16 kwa kila herufi, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Emoji moja inatosha. Na sisi tuna adui wa ndani: ile ritifaa ya "ng'ombe" na "ng'ambo". Ikiwa imenyooka, imo kwenye orodha. Lakini simu janja nyingine zina tabia ya kuipinda kimadaha bila kuulizwa, na iliyopinda haimo. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unageuka SMS tatu, kwa sababu ujumbe uliogawanywa katika hali hiyo hubeba herufi 67 tu kila kipande. Kamati ikituma kwa watu 400 kupitia mfumo wa SMS za wingi, ritifaa moja inalipiwa SMS 800 za ziada. Kwa bei hiyo, afadhali kwenye kadi ya mwaliko kusiwe na ng'ombe.

Ritifaa hiyohiyo inawasumbua akina Ng'ang'a, Wang'ombe na Ng'wanakilala kila wanapojaza fomu mtandaoni. Kwenye lugha ya SQL, inayotumika kuzungumza na hifadhidata, ritifaa ndiyo alama ya kufunga maneno. Programu iliyoandikwa kwa uzembe ikikutana na "Ng'", inadhani jina limekwisha hapo na kinachofuata ni amri. Wadukuzi huutumia mwanya huo kuiba data, hivyo baadhi ya mifumo iliamua kujilinda kwa kuikataa ritifaa kabisa na kumwambia mwenye jina kwa wino mwekundu kuwa jina lake si sahihi. Jina la babu yako si sahihi! Dawa ya kweli, ambayo ni kutenganisha amri na data, ipo kwa miongo kadhaa na si ngumu. Anayekataa majina ya watu hadi leo ni mvivu, na sioni sababu ya kumtafutia neno la upole.

Je, wajua kwa nini simu inaanza na 1 juu ilhali kikokotoo kinaanza na 7? Vikokotoo vilirithi mpangilio wa mashine za hesabu. Simu zilifanyiwa majaribio: wataalamu wa Bell Labs huko Marekani waliwapa watu mipangilio ya kila namna, na matokeo yakachapishwa mwaka 1960. Simu za vitufe ziliingia sokoni Novemba 1963 zikiwa na vitufe kumi tu. Nyota na reli ziliongezwa mwaka 1968, zikiwekewa matumaini ya huduma za kompyuta kwa njia ya simu. Wamarekani wenyewe hawakupata kazi kubwa ya kuzipa. Leo hakuna muuza nyanya wa Tandale asiyezijua, maana bila nyota na reli hakuna *150*00#.

Na hizo menyu, je, wajua kwa nini hukatika katikati ukiwa tayari umeandika kiasi? Huduma hiyo, USSD, haitunzi ujumbe kama SMS. Ni mazungumzo ya moja kwa moja kati ya simu yako na mtambo, yanayopita kwenye njia ambayo mtandao huitumia kwa mambo yake ya ndani, kama kupanga simu zinazoingia. Ndiyo maana haihitaji bando na inafanya kazi kwenye kitochi. Lakini njia hiyo ni nyembamba na mtandao hauruhusu mtu kukaa humo muda mrefu. Ukisita kidogo ukitafuta namba ya wakala, unatolewa. Kila ukurasa wa menyu una nafasi ya herufi 182 tu, na hapo ndipo unapoelewa kwa nini waandika programu za miamala huandika Kiswahili cha mkato kama telegramu.

Mlio ule wa SMS wa Nokia, ti-ti-ti, taa-taa, ti-ti-ti? Ni herufi S, M na S kwa alama za Morse.

Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, iliuzwa zaidi ya milioni 250. Ilikuwa na tochi, na vitufe vilivyozibwa visiingize vumbi. Hakuna simu ya bei mbaya ya leo iliyofikia nambari hiyo peke yake.

Je, wajua kuwa unaweza kuikagua namba ya simu yako kwa kalamu? Bonyeza *#06# itokee IMEI, tarakimu 15. Ya mwisho haikupangwa na kiwanda kwa hiari: inakokotolewa kutoka zile 14 za mwanzo kwa kanuni ya Hans Peter Luhn, mtaalamu wa IBM aliyepata hataza yake mwaka 1960. Kanuni hiyohiyo inakagua namba ya kadi yako ya benki. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012 na Tanzania ikafuata Juni 2016, na wiki zile *#06# ilibonyezwa Kariakoo kuliko namba ya mtu yeyote.

Vile vijistari vya mtandao juu ya kioo havina kipimo kimoja duniani. Kila kampuni huamua yake. Mwaka 2010, kelele za iPhone 4 zilipozidi, Apple ilitoa barua ya hadharani ikikiri kuwa kanuni yake ya kuhesabu vijistari ilikuwa na makosa kabisa, na mara nyingi ilionyesha viwili zaidi ya inavyostahili. Kwa hiyo unaponyanyua simu juu ya kichwa kutafuta mtandao, unaamini mchoro.

Je, wajua kuwa jedwali la Excel liliwashinda wanasayansi hadi wakabadilisha majina ya jeni za binadamu? Kulikuwa na jeni zenye majina kama SEPT2 na MARCH1. Excel ikizisoma inadhani ni tarehe, inazigeuza Septemba 2 na Machi 1, na haikuulizi. Utafiti wa mwaka 2016 ulikuta makosa ya namna hiyo katika takriban moja ya tano ya makala za kisayansi zilizoambatanisha orodha za jeni kwa Excel. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni ikanyoosha mikono: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Microsoft ilikuja kuweka kitufe cha kuizima tabia hiyo mwaka 2023, majina yakiwa yamekwisha kubadilishwa.

Mhasibu wa kamati ya harusi anaijua shida hii vizuri kuliko wanajenetiki. Anaingiza namba za wachangiaji: zinazoanza na 07 zinapoteza sifuri, kwa sababu Excel haioni maana ya sifuri ya mbele. Anaamua kuziandika kwa 255, zinakuwa tarakimu 12, na namba yenye tarakimu 12 kwenye kisanduku chembamba inaonyeshwa kama 2.56E+11. Orodha nzima ya ukoo inakuwa na namba moja. Dawa ni kuiambia Excel, kabla hujaandika chochote, kuwa safu ile ni ya maandishi na si ya namba. Kabla. Ukishachelewa, sifuri imekwenda.

Je, wajua kwa nini kompyuta yako iliyo Mwanza inadai iko Nairobi? Sehemu kubwa ya dunia ya programu hutegemea hifadhidata moja ya majira ya saa, iliyoanzishwa na Arthur David Olson na kutunzwa kwa miaka mingi na Paul Eggert. Humo maeneo yaliyo na saa sawa tangu 1970 huunganishwa chini ya jina moja, na jina Africa/Dar_es_Salaam ni njia ya mkato tu inayokupeleka Africa/Nairobi. Windows nayo kwenye orodha yake imeandika Nairobi. Watani wa jadi wasiwe na haraka ya kushangilia: hifadhidata hiyohiyo inakumbuka kuwa mwishoni mwa miaka ya 1930 saa ya Nairobi ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, tofauti ambayo sijui ingemfaidia nani leo.

Hifadhidata hiyo, hata hivyo, haijasikia habari za saa zetu. Mteja akiandika "nipigie saa 2", mwandika programu wa Dar anajua ni asubuhi kabla ya chai. Programu iliyoandikwa California inaweka kengele ilie usiku wa manane.

Je, wajua kuwa kompyuta nyingi zilizaliwa tarehe moja? Mifumo ya ukoo wa Unix huhesabu wakati kwa sekunde tangu Januari 1, 1970. Ile ya zamani iliitengea hesabu hiyo biti 32, na mwisho wake ni 2,147,483,647. Kwa saa za Afrika Mashariki zitajaa Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itaamini ni Desemba 1901. Kompyuta mpya zimekwisha kuhamia kwenye biti 64. Wasiwasi uko kwenye vitu visivyosasishwa na mtu: mita, mashine za viwandani, mitambo iliyofungiwa kwenye kabati na funguo yake kupotea. Mwaka huo wa 1970 ulishawahi kuua simu pia: Februari 2016 iligundulika kuwa ukirudisha tarehe ya iPhone hadi Januari 1, 1970, kisha ukaizima, haiwaki tena.

Kisha kuna ushauri ambao kila fundi hutoa kabla hata ya kuuliza tatizo ni nini: zima, uwashe. Watu wanaucheka. Je, wajua kuwa mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliuweka kwenye amri rasmi? Boeing 787 ikiwashwa umeme mfululizo kwa siku 248, vidhibiti vya jenereta zake vingeweza kujizima vyote kwa pamoja. Siku 248 ni muda ambao saa inayohesabu kwa sehemu moja ya mia ya sekunde huchukua kujaza ile nambari ya biti 32. Windows 95 nayo ilihesabu milisekunde, ikawa inaganda baada ya siku 49.7. Kasoro hiyo ilijulikana mwaka 1999, miaka minne baada ya kuuzwa, na sababu ya kuchelewa inadhalilisha: kompyuta chache mno za Windows 95 ziliwahi kukaa siku 49 bila kuanguka zenyewe.

Lakini lipo tukio lisilochekesha. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mtambo wa kuzuia makombora wa Patriot uliokuwa Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100. Saa yake ya ndani ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa namba za kompyuta. Kipande kidogo hukatwa kila mara. Baada ya saa 100 vipande hivyo vilikuwa theluthi moja ya sekunde, na kombora la Scud katika muda huo huwa limekwenda zaidi ya nusu kilomita. Mtambo uliangalia mahali pasipo. Wanajeshi 28 wa Marekani walikufa. Waisraeli walikuwa wameshaonya kuwa usahihi unapungua mtambo ukikaa bila kuzimwa, na wahusika walikumbushwa wasiuache ukiwaka "muda mrefu sana", bila kuambiwa muda mrefu ni saa ngapi. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran kesho yake.

Je, wajua kuwa ile mistari inayojaa polepole wakati wa kupakua ina utafiti wake? Brad Myers aliuwasilisha mwaka 1985: watu walipendelea mfumo wenye mstari wa maendeleo kuliko usio nao. Kuganda kwenye 99% mara nyingi ni kwa sababu mstari huhesabu kazi zilizokwisha, na haujui kuwa ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote.

Je, wajua kuwa waandika programu huongea na bata? Kitabu cha Andrew Hunt na David Thomas cha mwaka 1999, The Pragmatic Programmer, kilieneza desturi hiyo: ukikwama, mweleze bata wa plastiki msimbo wako mstari kwa mstari, na ukifika penye kosa utajisikia mwenyewe unasema uongo. Bata ana faida moja ambayo mfanyakazi mwenzako hana. Hakukatizi.

Je, wajua kuwa kuna zana ambayo imewatesa watu tangu 1976 kwa sababu mwenyewe hakutaka kuwaudhi watu kumi na wawili? Stuart Feldman wa Bell Labs alitunga Make, programu ya kuunganisha vipande vya programu nyingine. Ndani ya faili lake baadhi ya mistari lazima ianze kwa kitufe cha Tab. Ukiweka nafasi za kawaida, ambazo kwa macho ni sawasawa kabisa, inakataa. Feldman aliliona kosa hilo mapema. Ila wiki chache tu zilikuwa zimepita na tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni moja, wengi wao marafiki, akaona haya kuwaharibia kazi. Akaacha. Mamilioni ya watu waliokuja baadaye wamelipia adabu hiyo.

Na kama unatafuta zana iliyolaaniwa kuliko zote, ni Vim, ya kuhariri maandishi. Je, wajua kuwa mwaka 2017 tovuti ya Stack Overflow ilitangaza kuwa swali la namna ya kutoka ndani ya Vim limetazamwa zaidi ya mara milioni moja? Kuingia ni rahisi. Kutoka unatakiwa ubonyeze Esc, kisha uandike :q! na Enter, jambo ambalo hakuna mtu wa kawaida angelikisia. Lawama zinarudi nyuma hadi kwa Bill Joy, aliyeandika vi, baba yake Vim, katika Chuo Kikuu cha Berkeley mwaka 1976. Alitumia terminali ya ADM-3A, ambayo mishale yake ilichorwa juu ya vitufe vya H, J, K na L. Ndiyo maana watumiaji wa Vim hadi leo husogea kwa herufi hizo. Esc, ambayo leo iko pembeni kwenye kona, kwenye kibodi ile ilikaa mahali pa Tab, karibu na kidole. Zana haikuwa na ukatili. Kibodi zilibadilika, yenyewe ikabaki.

Sasa fungua Vim bila faili lolote. Kwenye skrini ya kwanza, kwa miaka mingi, kumekuwa na ujumbe unaoomba msaada kwa ajili ya watoto maskini wa Uganda, na ukiandika :help uganda unapewa maelezo kamili. Waandika programu wengi wa Ulaya na Marekani wamelisoma jina hilo maelfu ya mara bila kujua limefikaje hapo. Vim ni kazi ya Mholanzi Bram Moolenaar, aliyetoa toleo la kwanza kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea Kibaale, kijiji cha wilaya ya Rakai kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, akishughulikia maji na usafi. Rakai ni mojawapo ya sehemu zilizopigwa mapema na kwa nguvu na UKIMWI, na yatima walikuwa wengi. Alirudi Uholanzi na kuanzisha ICCF Holland kusaidia kituo cha watoto cha pale, chenye shule na zahanati. Vim akaiacha bure, kwa ombi moja: ukiipenda, changia Kibaale. Waliochangia walipewa haki ya kupiga kura ni kipengele gani kiongezwe kwenye toleo lijalo. Moolenaar alifariki Agosti 3, 2023, akiwa na umri wa miaka 62, na toleo la 9.1 la Januari 2024 lilitolewa kwa heshima yake. Kwa hiyo swali lile la kutoka lilitazamwa mara milioni, na huenda baadhi ya waliokuwa wamenasa ndani walikuwa wamepita mlango ulioandikwa jina la jirani yetu.

La mwisho, kwa wanaodhani kamera za mtandaoni zilibuniwa kwa jambo la maana. Mwaka 1991 watafiti wa maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge walichoka kupanda na kushuka ngazi na kukuta birika la kahawa tupu. Wakalielekezea kamera, na kila mmoja akawa anaona mezani kwake kama kahawa ipo. Mwaka 1993 picha hiyo, ndogo na isiyo na rangi, iliunganishwa na intaneti, na watu wa mabara yote wakawa wanatazama birika lisilo lao. Ilizimwa mwaka 2001. Mashine ya kahawa, iliyokuwa mbovu wakati huo, ikapigwa mnada mtandaoni, ikanunuliwa na Wajerumani wa Spiegel Online kwa pauni 3,350.